Kichwa cha Chelimo na Siagi ya Kogo

Watu wa upande wa Kaplong wakikuambia kwamba Chelimo ni mkali, usibishane nao. Ni mkali kweli. Anafanya kazi kwenye kituo cha kupoza maziwa, na wakulima huanza kumsalimia kwa heshima wangali barabarani. Mwenye kuongeza maji kwenye maziwa hurudi nayo nyumbani, tena akiwa amesikia maneno ambayo hakuyatarajia kutoka kwa msichana aliyelelewa kanisani. "Hii ni maziwa ama ni mto?" ndilo swali lake. Akishauliza hivyo hakuna cha mjomba wala cha shangazi, mtungi unarudi ulikotoka.

Ila hao wanaomsema hawaimalizi hadithi. Hawakuambii hasira zile zilitoka wapi, na wana sababu ya kunyamaza, kwa maana wengi wao walichangia. Mtoto hazaliwi amekunja uso.

Chelimo alizaliwa na nywele laini, nyembamba na chache. Ukizichana zinalala, ukizisuka zinateleza, na jua likimpiga utosini unaiona ngozi. Basi, ni hayo tu. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na macho mazuri, meno meupe, na miguu iliyoshinda wasichana wa shule tatu jirani katika mbio za uwanjani. Lakini watu ni watu. Waonyeshe shamba zima la chai lililostawi, na wao watakuuliza habari za ile kona iliyokauka.

Wa kwanza alikuwa mama yake, Bornes. Kila Jumamosi alimkalisha katikati ya magoti yake, akachota yale mafuta ya kukamulia ng'ombe, ya kulainisha chuchu, akampaka mpaka kichwa kikang'aa. Halafu akazivuta nywele nyuma kwa nguvu, mtoto akafumba macho machozi yakimtoka. "Tulia," alimwambia. "Nataka hii nywele iongezeke." Kama nywele zingeongezeka kwa kuvutwa, mkia wa ndama ungekuwa umefika Bomet. Lakini nani wa kumwambia Bornes? Alikuwa anapenda mtoto wake, na mtu anayekuumiza kwa mapenzi hana wa kumzuia.

Bornes mwenyewe hakuonekana bila kitambaa kichwani. Alikamua nacho, alichuma chai nacho, alilala nacho. Jambo moja alilisema wazi, tena mbele ya wageni: "Hiyo nywele alitoa kwa akina baba yake." Senge Taplelei, dada ya baba, alilikataa neno hilo kila mara lilipotamkwa. "Kwetu hakuna kichwa kama hiyo. Uliza mtu yeyote." Wakarushiana hivyo miaka na miaka, na mtoto ameketi hapo hapo akisikia, mwenye kichwa kisichotakiwa na ukoo wowote. Siku moja, akiwa na umri wa kutosha kuelewa, Chelimo aliingia ghafla mama akioga, akakiona kilichokuwa chini ya kitambaa. Kilikuwa kichwa chake mwenyewe, ila chenye mvi. Bornes alivuta taulo akajifunika, si kifua, bali kichwa. Hawakulizungumzia, na Jumamosi iliyofuata mafuta na kuvutwa viliendelea kama kawaida.

Usifikiri ni mama peke yake. Kila mtu alikuwa na dawa. Jirani mmoja alileta maji ya kitunguu, Chelimo akanuka darasani wiki nzima. Mwingine alisema ni maji ya majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi. Mwingine yai, mwingine shubiri. Mke wa mchungaji alimwita mbele siku ya maombi, akamwekea kiganja utosini, na hapo hapo kanisa zima likasikia Mungu akiombwa nywele. Hakumwambia kwanza. Alimwita tu, na Chelimo akaenda akidhani anaombewa mtihani.

Hilo ndilo lililomchoma, na kama unataka kumwelewa, shika hapo. Si nywele. Nywele alikwisha kuzizoea. Ni ile mikono. Katika watu wote waliokishika kile kichwa, wakakipaka, wakakivuta, wakakinusa na kukiombea, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama anaweza kukishika.

Miaka ya sekondari ilimpa amani kwa sababu shule iliwanyoa wasichana wote, na vipara vyote ni sawa. Halafu akapata kazi ya kituoni, na kazi ikampa kofia. Ilikuwa kofia nyeupe ya kufunika nywele zote, sheria ya usafi, kila mfanyakazi lazima. Wenzake waliilalamikia kwamba inawaharibia mitindo. Chelimo aliipenda kofia ile kuliko mshahara, na wakati mwingine alifika nayo mpaka nyumbani akijifanya amesahau kuivua.

Kipngetich alimkuta na kofia hiyo. Alikuwa mtu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano, anazunguka na pikipiki kuanzia Siongiroi kuja huku, na alikuja kumtetea mkulima aliyerudishiwa maziwa. Walizozana mbele ya foleni, yeye akisema ng'ombe ni mgonjwa, Chelimo akisema ng'ombe ni mzima, mgonjwa ni mwenyewe. Kesho yake Kipngetich akarudi bila mkulima. Wakaanza kuonana. Siku moja mvua iliwakuta wakitoka ibadani, Chelimo hana kofia, hana kitambaa, nywele zikashikana na ngozi na kila kitu kikaonekana. Chelimo alisimama akingoja lile neno, maana lazima lije. Kipngetich alivua koti akampa, akaanza kulalamika kuhusu matope. Neno halikuja siku hiyo wala siku nyingine. Hapo ndipo Chelimo alipoamua kuolewa naye. Alikuwa amepata mtu mmoja duniani anayekiacha kichwa chake kikae.

Ikaja habari ya koito. Kwa Wakipsigis hiyo ni siku watu wa mvulana wanapokuja kwao msichana kumaliza maneno ya mahari. Maneno yakishaisha, mama mzee huwapaka wachumba siagi kichwani, iwe baraka. Kila mtu anaijua siku hiyo na namna inavyokwenda. Ng'ombe watajwe, mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, inywewe, siagi ipakwe, watu wale. Hakuna anayeeleza mwenzake, kama vile hakuna anayeeleza mwenzake namna ya kula ugali.

Jumapili mbili kabla ya siku yenyewe, wanawake wa nyumba walikaa jikoni kwa Bornes kupanga chakula. Walipomaliza kuku wakaingia kwenye kichwa cha Chelimo.

"Hawezi kukaa mbele ya wageni hivyo," alisema Senge Taplelei. "Atafanana mtu ametoka hospitali."

"Ni kichwa yangu, Senge," Chelimo akasema.

"Ni yako, lakini aibu ni yetu sisi wote."

"Aibu ya nini? Nimeiba?"

"Ona sasa hasira!" Senge akageukia wenzake. "Mtu anaambiwa kitu ya kumsaidia, anaruka. Hasira hasara, Chelimo."

Chelimo alimtazama mama yake. Bornes alikuwa akimenya viazi, kitambaa kimekazwa mpaka nyusi zimepanda. "Tafadhali," alisema bila kuinua uso. "Usinitie aibu siku hiyo moja." Na akaendelea kumenya.

Angeweza kuwashinda wote. Alikwisha kuwashinda watu wakaidi zaidi yao, wenye mitungi mikubwa na sauti kubwa. Alikuwa na Kipngetich, na hiyo ilikuwa silaha ya kutosha. Akatoka nje, akampigia simu pale pale kando ya boma la ndama, ili amsikie akicheka na kusema waache upuzi.

Kipngetich hakucheka. Alikohoa kidogo. "Lakini Chelimo, ni siku moja tu. Hata mama yangu alikuwa anasema ni vizuri uongeze kidogo. Kwa sababu ya picha."

"Picha."

"Si unajua picha inakaa. Wewe usikasirike."

Chelimo alinyamaza. Wanaomjua watakuambia afadhali apige kelele. Alikata simu, akaenda akaiosha mitungi yote ya nyumbani, iliyo safi na isiyo safi, akiipigisha kwenye saruji mpaka kuku wakahama uwanja. Ilimuuma vibaya. Si kwamba Kipngetich alikuwa mbaya kuliko wengine. Ubaya wake ni kwamba alikuwa sawa na wengine, na Chelimo alikuwa amemtoa katika hesabu yao. Kumbe alinyamaza siku ile ya mvua, lakini alikuwa ameona, na lile neno akaliweka.

Akaenda kwa Nyamoita. Alikwenda kama ng'ombe anavyokwenda kuogeshwa dawa ya kupe, akiswagwa na Senge mbele na mama nyuma.

Nyamoita ni Mkisii, ana saluni yake hapo Kaplong tangu zamani, na mikono yake inasifiwa mpaka Mulot. Alimketisha Chelimo, akazipitisha nywele zake katikati ya vidole. "Hii ni laini sana," alisema. "Nikisuka chini nishone juu, uzi itavuta itoe hata hii kidogo iko. Nani alikuwa anakupaka mafuta mingi hivi?"

Bornes akatazama dirishani.

"Nywele laini ukiijaza mafuta inalala chini kabisa," Nyamoita akaendelea. "Mafuta inafanya ionekane chache hata kuliko vile iko. Ungeiosha tu, ikauke, uipulize na upepo kutoka chini, uikate kidogo hapa nyuma, ingesimama yenyewe. Si sana, lakini ingesimama."

Chelimo akahisi damu ikimpanda masikioni. Jumamosi zote zile! Machozi yale yote, na kumbe dawa ndiyo ilikuwa ugonjwa. Akageuza shingo kumtazama mama yake, na Bornes bado alikuwa dirishani, akisoma kibao cha duka la mbolea kana kwamba ni Zaburi.

"Fanya hiyo, basi," Chelimo akasema. "Osha, kata, ipulize. Hiyo tu."

"Hapana," Senge akadakia. "Tunataka mingi. Weka ya kubandika."

Nyamoita aliwatazama, yule aliyekaa kitini na yule mwenye pochi. Ni mfanyabiashara, simlaumu sana. Alimvalisha Chelimo kofia ya wavu, akaanza kupanga juu yake vipande vya nywele nyeusi, nene, za kupinda pinda, akivibandika kwa gundi safu kwa safu mpaka kwenye paji la uso. Alipomaliza aliwapa masharti. "Usilowe mvua. Usikae karibu na moto wa kupika. Na mafuta isiguse kabisa, hii gundi ikipata mafuta inaachilia."

"Nani atapaka mafuta siku ya sherehe?" Senge akauliza, akacheka.

Hapo walikuwa Wakipsigis watatu, na mmoja wao ndiye angepakwa. Wote waliyasikia maneno ya Nyamoita kwa masikio yao. Hata mmoja hakuikumbuka siagi. Nyamoita angejuaje? Kwao hakuna siagi kwenye posa. Na hawa watatu, siagi ya koito kwao si kitu cha saluni, ni baraka, na baraka nani huipangia? Chelimo, ambaye kazini humtambua mtu aliyeongeza kikombe kimoja cha maji kwenye mtungi mzima, siku hiyo hakutambua lolote. Hasira zilikuwa zimemjaa mpaka machoni. Alijitazama kwenye kioo, akaona kichwa kikubwa, cheusi, kinachong'aa, na chini yake uso wake mdogo ukichungulia. Mama yake alipiga makofi kwa furaha. Hii ni maziwa ama ni mto, Chelimo akajiuliza, na hakuwa na hamu ya kucheka.

Siku yenyewe jua lilitoka, hema likasimamishwa uwanjani juu ya shamba la chai, na wageni kutoka Siongiroi wakaingia wakiimba. Mama ya Kipngetich alimtazama Chelimo, akatabasamu kwa kuridhika. Watu wakapiga picha. Kipngetich aliketi kando yake ndani ya suti mpya, akamnong'oneza, "Umependeza." Chelimo akamjibu bila kumgeukia, "Si mimi. Ni Nyamoita." Kipngetich akaona aangalie mbele.

Maneno ya ng'ombe yakaisha. Akaletwa bibi ya Kipngetich, ambaye kila mtu alimwita Kogo, ndilo jina letu la nyanya. Kogo alikuwa mzee kabisa, macho yamefifia, na alikuwa na hasira zake mwenyewe kwa sababu alikuwa ameketishwa juani huku wanaume wakijadili ndama mmoja kama vile wanagawa nchi. Mkononi alikuwa na kibuyu kidogo cha siagi aliyoisuka mwenyewe. Alimpaka Kipngetich kwanza, haraka, kichwa kimenyolewa, kazi ikaisha. Kisha akamgeukia Chelimo.

Hapo tu, harufu ya siagi ilipomfikia puani, ndipo Chelimo alipokumbuka. Alimtafuta Senge kwa macho, na Senge alikuwa tayari ameshika mdomo.

Kogo alipaka. Akapapasa. Akakunja uso, akachota tena, akapaka tena. "Haifiki," alisema. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta ngozi, kwa maana baraka hupakwa mtu, na hapo hakuipata ngozi. Akachota donge kubwa zaidi. Akasugua kwa nguvu, kuanzia kwenye paji la uso kurudi nyuma, siagi ikayeyuka kwa joto ikateremka mpaka shingoni. "Haifiki! Huyu msichana amevaa nini?"

Safu ya mbele ikaachilia. Ikateleza taratibu kuelekea sikioni, ya pili ikaifuata. Kipngetich akanyoosha mkono kuzishikilia zisianguke, na Chelimo akaupiga mkono ule kofi, sauti ikasikika mpaka nyuma ya hema. Kogo akavuta. Kofia ya wavu ikatoka na kila kitu chake, ikabaki inaning'inia kwenye vidole vyake vya siagi.

"Mimi nilikuja kubariki mtu ama kubariki mkia?" Kogo alifoka. Akaurusha ule mzigo kando, ukaangukia mapajani mwa Kipngetich. Senge alikuwa amefika na leso mkononi, mbio, kumfunika Chelimo.

"Senge, rudi ukae," Chelimo akasema.

"Lakini watu..."

"Nimesema kaa!" Ilikuwa ile sauti ya kituoni, sauti ya kurudisha mitungi. Senge Taplelei, ambaye hajawahi kuamriwa na mtoto, alikaa chini kwenye nyasi hapo alipokuwa. Chelimo akamgeukia mchumba wake. "Na wewe, piga picha sasa. Piga! Si ulisema picha inakaa?"

Kipngetich alizikunja zile nywele, siagi na vyote, akazitia mfukoni mwa suti yake mpya, akainamisha kichwa. Chelimo akapiga magoti mbele ya Kogo. "Endelea, Kogo," akasema. "Nimekubali." Yule mzee akaviweka vidole juu ya nywele zile chache, akaigusa ngozi mara hiyo hiyo, akaguna. "Sasa nimefika," alisema, akayatamka maneno ya baraka yote mpaka mwisho, na watu wakaitikia.

Kibuyu kilikuwa bado na siagi. "Mama ya msichana yuko wapi?" Kogo akauliza. "Kuja, hii isiharibike."

Bornes akaja. Angekataaje mbele ya watu wote? Akapiga magoti kando ya binti yake, Kogo akanyoosha mkono, akakuta kitambaa. "Hii nayo ni nini tena? Nyumba hii mnaficha nini kwa vichwa?" Akaanza kulitafuta fundo. Bornes akalishika fundo lake kwa mikono yote miwili.

Chelimo alikuwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Mkono wake ungefika. Na usinifanye niseme uongo kwa sababu ni hadithi: alitaka kulivuta. Alitaka sana, kwa ajili ya kila Jumamosi, kwa ajili ya "alitoa kwa akina baba yake", kwa ajili ya kile kibao cha mbolea. Avute mara moja tu, na huyu naye ajue. Mkono ukanyanyuka, ukafika begani mwa mama yake. Bornes aliuhisi. Akafumba macho, akangoja, hivyo hivyo mtoto wake alivyokuwa akifumba na kungoja katikati ya magoti yale.

"Mama," Chelimo akasema, na sauti bado ilikuwa ya hasira. "Nifungue ama niache?"

Bornes akafungua macho. Alimtazama binti yake, siagi ikimteremka mashavuni, kichwa wazi juani.

"Acha," alisema.

"Mpake kwa uso, Kogo," Chelimo akasema. Kogo alinung'unika, lakini akampaka kwenye paji la uso, na kitambaa hakikuguswa.